Mume Wangu Hausikii Tena Mto, na Meli Inakuja Jumatano

Shangazi Ozelia mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku bondeni, nina jambo limenikaba na naomba unisaidie upesi, ila jina langu usilitaje gazetini, maana huku kwetu ukipiga chafya asubuhi, mchana watu wa kijiji cha pili wanakuletea majani ya kujifukiza.

Mume wangu Cuthbert ni mwongoza wageni, ndiye anayewaingiza watu wa meli za watalii kwenye korongo la Dlo Nwè, unaogelea katikati ya kuta mbili zilizokaribiana mpaka mbingu inabaki kama uzi, unafika mwisho kwenye maporomoko, unapiga picha, unatoka ukitetemeka na kusema hujawahi kuona kitu kama kile, na mimi nakaa mdomoni mwa korongo nakodisha majaketi ya kuelea na kuuza chai ya kakao na maandazi ya samaki wa chumvi. Wewe ni wa hapa Dominica, unajua mto ule haupigi hodi, mvua inanyesha juu milimani huku kwetu jua linachoma shingo, halafu maji yanashuka yote kwa pamoja. Ndiyo maana mwongozaji kabla ya kuingia lazima asimame mdomoni, awanyamazishe watu wote, ainamishe kichwa asikilize, na akisikia mawe yanagongana kule juu basi hakuna kuingia, hata mgeni akilia. Na akiwa ndani anaendelea kusikiliza, maana macho hayamsaidii kitu mle.

Shangazi, Cuthbert hasikii. Nilianza kugundua jirani yetu alipomtukana kwa sababu ya kuku, tusi zito la kumtaja mama yake, na Cuthbert akamwinulia kofia akasema, "Na wewe pia, jirani." Kijiji kizima kikasema ameokoka. Na nyumbani siku hizi kila ninachosema anajibu "sawa, mama," nikawa nafikiri ndoa yetu imefika pazuri, kumbe.

Lakini mdomoni mwa korongo bado anasimama vilevile, anafumba macho, anainamisha kichwa, na wageni wanadhani anaomba kwa mizimu ya mto, wanampiga picha, wanaandika mtandaoni kwamba hakuna mwongozaji mwenye roho kama yeye, na sasa wanashuka melini wakimwulizia kwa jina, yaani kadiri masikio yanavyokufa ndivyo anavyopata sifa za kusikiliza.

Halafu kuna kamba. Zamani hatukuwa na kamba. Siku moja akaja nayo kutoka mjini akasema ni kwa usalama wa wageni, ncha moja akajifunga kiunoni, nyingine akanipa mimi, hakumpa mgeni hata mmoja, akaniambia, "Ukiona jambo, vuta." Tangu hapo mimi ndiye ninayesikiliza, nikimimina chai huku moyo uko juu milimani, na mtu akicheka kwa sauti namkata jicho mpaka anarudisha kikombe.

Siku ya meli iliyopita nilisikia mawe. Nikavuta, kamba ikalegea, nikavuta tena, kumbe ndani kuna mama mmoja mgeni ameishika kamba hiyohiyo kwa uoga na Cuthbert alidhani ni yeye anayemvuta, akawa anamwambia, "Usiogope, mama, mto huu ni rafiki yangu." Nikatupa birika nikapiga kelele, "Tokeni! Kwa jina la Bwana, tokeni!" Mgeni mmoja akanisikia, akamgusa Cuthbert bega na kunyoosha kidole kwangu. Aliponiona uso akaelewa, akawasukuma wote nje kama anafukuza mbuzi shambani, na wa mwisho alikuwa bado ameshika jiwe la mlangoni maji yalipofika, Shangazi, mekundu kama kakao, na gogo katikati limesimama wima. Wageni wakapiga makofi. Mmoja akaniuliza yale maji makubwa huwa yanakuja saa ngapi, kwamba dada yake anashuka na meli ya Jumatano na angependa asiyakose.

Tulipofika nyumbani Cuthbert akasema tu, "Leo umevuta kamba kama unang'oa muhogo," akaingia kuoga. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, naona lile gogo kila nikifumba macho.

Sasa binti yetu Merlina yuko Guadeloupe, kisiwa cha jirani, anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, ananiita, feri inaondoka Jumanne. Nikamwandikia Cuthbert kwa mkono hewani, nikamwonyesha tumbo, nikamwonyesha bahari, nikainua kamba nikamuuliza, na nani ataishika? Akanitazama, akasema, "Nenda kwa mtoto wako. Kamba nitaifunga kwenye mti."

Kwenye mti, Shangazi!

Nikienda kwa mwanangu, nawaacha watu wafe. Nikimwambia Bwana Laronde, mwenyekiti wa waongozaji, atamvua Cuthbert beji mbele ya watu, na mwanamume huyu hajui kuwa kitu kingine chochote tangu ujana wake. Na usiseme sijamwambia mwenyewe, nimemwambia zaidi ya mara moja, anapokuwa ameinama kwenye sinki anaosha sufuria nasimama nyuma yake nasema yote, "Cuthbert, husikii, utaua watu," kila kitu nakisema, na yeye anaendelea kusugua sufuria. Nifanye nini?

Ni mimi, mama wa majaketi.

*

Mama wa majaketi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, chai yangu ikapoa. Pole. Kushika kamba huku unauza maandazi si kazi ndogo, na watu waliotoka mle ndani siku ile wako hai kwa sababu ulitupa birika. Shika pole hiyo vizuri, sina nyingine ya kukupa leo.

Sasa kaa chini tusemezane. Umemwambia mwanamume asiyesikia, ukiwa nyuma yake, maji ya bomba yakimwagika, naye anasugua sufuria. Na hiyo umejihesabia kuwa umemwambia! Mama, hata mimi mwenye masikio mawili mazima nisingekusikia. Hukumwambia Cuthbert. Uliiambia shingo yake, kwa sababu uso wake unauogopa.

Tena unaogopa bure. Umeniandikia jambo kubwa kuliko yote na ukalipita kama mtu anayepita duka lililofungwa: kamba aliileta yeye. Hakuna mwongozaji mwingine anayefungwa kamba pale. Alijifunga mwenyewe na ncha ya pili akakupa wewe. Mwanamume huyo alikuja kukuomba masikio yako, mama, ila alishindwa kufungua mdomo. Anajua. Wewe unajua. Mmekaa nyumba moja kila mtu akimfichia mwenzake kitu ambacho wote wawili mnakiona. Wasiojua ni wageni tu, na wao ndio waliomo ndani ya maji.

Hilo la kufunga kamba kwenye mti ni kiburi kinachosema, na mimi sibishani na kiburi, nakifungia mlango. Majaketi ni ya nani? Ni yako. Kwa kanuni za pale hakuna mgeni anayeingia Dlo Nwè bila jaketi. Basi Jumanne asubuhi yaweke yote kwenye magunia, yafungie, na ufunguo uvae shingoni. Mwongozaji bila majaketi ni mtu amesimama kando ya mto.

Feri ya Jumanne panda, lakini usipande peke yako. Panda na Cuthbert. Babu naye ana haki ya kumwona mjukuu, na Guadeloupe kuna madaktari wa masikio. Huenda ni jambo la dawa, huenda ni la kifaa, huenda hakuna la kufanya, lakini mtajua. Na mtu aliyeko Guadeloupe hawezi kumwingiza mtu korongoni Jumatano, hata awe na roho kubwa namna gani.

Kabla ya feri, nendeni wote wawili kwa Laronde. Nasema wote wawili. Cuthbert aseme kwa kinywa chake kwamba korongo amelimaliza, na beji aiweke mezani yeye mwenyewe kabla mtu hajamvua. Kisha aombe njia ya kwenda kwenye ziwa linalochemka. Kule kunatakiwa macho, magoti, na mtu anayejua ni wapi ardhi imeiva mpaka mguu unazama. Wageni wanalipenda sana ziwa lile, wanachemsha mayai njiani na kunuka salfa mpaka nyumbani kwao. Akisimama huko na kufumba macho watampiga picha vilevile, na hakuna atakayekufa.

Akikataa je? Basi nenda kwa Laronde peke yako, siku hiyohiyo, na useme kama ulivyoniandikia. Cuthbert atakununia. Mwache anune. Nimeishi na mwanamume aliyenuna mwaka mzima kwa sababu ya kofia, nikapumzika sana. Na sikutishi, ila ujue: Dlo Nwè naifahamu, na namba ya Laronde ninayo. Jumanne feri ikishapiga honi bila nyinyi wawili kupita kwake, nitampigia mimi.

Lakini anza na Cuthbert, leo, kabla hujawasha jiko. Funga bomba. Mtoe sinki, mkalishe barazani penye mwanga, shika mikono yake yote miwili na usubiri mpaka akutazame. Halafu mwambie usoni, polepole, aone kila neno midomoni mwako.

Akijibu "sawa, mama," mwambie arudie ulichosema.