Nilikwenda Kana Kuhiji, Naambiwa Nimerudi Mke wa Mtu

Mpendwa mshauri,

Katibu wa kanisa letu alitangaza Jumapili iliyopita, baada ya sadaka na kabla ya wimbo wa kufunga, kwamba mimi nimeolewa. Naomba msaada wako, kwa sababu nilikuwa nimekaa pale pale, benchi la tatu, na habari hiyo niliipata pamoja na waumini wengine.

Maneno yake yalikuwa haya: "Ndugu zetu wawili waliokwenda kuzuru Nchi Takatifu wamerudi wakiwa mwili mmoja. Wamefunga pingu za maisha Kana ya Galilaya, pale pale Bwana alipogeuza maji kuwa divai, na Jumapili ya mwisho wa mwezi tutawapokea rasmi kama mume na mke." Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, huku nageuka huku na huku kumtafuta huyo bibi harusi, mpaka jirani yangu akanifinya akasema, "Simama basi, unaringa nini?" Nikatazama upande wa kwaya nikamwona mwanamume tuliyekwenda naye safari amesimama, mkono kifuani, anainamisha kichwa kushoto na kulia kama mtu anayepokea pongezi. Sikujua nisimame au nizimie. Nikasimama.

Nikueleze tangu mwanzo. Mimi ni mjane, nashona sare za shule, kwa hiyo hapa niite Mama Sare. Yeye ni fundi wa redio na televisheni, mkewe alifariki zamani, na katika kwaya anaimba sauti ya nne, akikohoa tu mabenchi yanatetemeka, basi nitamwita Mzee Besi. Kabla ya safari tulikuwa watu wa "Bwana asifiwe" na "Amina", kila mtu na njia yake. Kanisani kwetu tulikwenda sisi wawili tu, kundi lililobaki lilitoka makanisa mengine, na kiongozi wa safari alikuwa na utaratibu wake: kila mtu anapangiwa mtu mmoja wa kumwangalia, akipotea huyo wa kwako wewe ndiye utakayeulizwa. Kwa kuwa tunatoka kanisa moja tukapangwa pamoja, na basi likitaka kuondoka kiongozi hahesabu vichwa, anauliza tu, "Kuna asiyemwona wa pembeni yake?" Kukiwa kimya, tunaondoka.

Sasa mshauri, kule makundi ni mengi na kila kundi lina kelele zake, kwa hiyo kiongozi anaongea kwenye kipaza sauti kidogo na kila mmoja wetu anamsikia kwa kifaa cha kuvaa sikioni. Changu kilikufa mapema, tukiwa Bethlehemu, kikakwaruza kidogo kisha kimya. Nikampa Mzee Besi kwa kuwa ndiyo kazi yake. Akakifungua mezani hotelini kwa ncha ya kisu cha kupakia siagi, akakichungulia, akakifunga, akasema, "Hiki kimeshajiendea, Mama Sare. Lakini usimsumbue kiongozi, ana watu wengi. Mimi nipo, nitakuwa nakwambia."

Na kweli akawa ananiambia. Kila tulipokwenda alitembea pembeni yangu akinirudishia maneno ya kiongozi kwa ile sauti yake ya chini, kwamba hapa wachungaji walilinda kondoo, hapa inama mlango ni mfupi, hapa mama mkwe wa Petro aliumwa homa, hapa tuvue kofia, na tulipokuwa kwenye mashua ziwani alinisimulia ile dhoruba mpaka nikashika ubao wa kiti ingawa maji yalikuwa yametulia kama chai kikombeni. Nikazoea, mshauri. Akisema tusogee nasogea, akisema tukae nakaa. Ilikuwa sindano na uzi, alipopita nikapita.

Basi tukafika Kana. Jua kali, ua umesakafiwa kwa mawe, makundi matatu yamejazana, kundi la jirani wanaimba kwa nguvu zao zote. Kiongozi wetu akaongea maneno mengi, na Mzee Besi kimya, anasikiliza, amekunja uso kama mtu anayetafuta hitilafu. Nikamuuliza, "Anasema nini?" Akasema, "Anasema tusogee mbele." Tukasogea. "Anasema tushikane mikono." Nikampa mkono. Mchungaji wa kanisa mojawapo tulilosafiri nalo akasoma kitu sikukisikia. "Anasema tuseme, niko tayari." Nikasema niko tayari, nikidhani niko tayari kwa kazi ya injili, au kupanda basi, sijui hata nilidhani nini, wote waliokuwa mbele walikuwa wanasema. Tukaombewa, tukapewa divai tamu kwenye vikombe vidogo, na mtu akawa anapiga video, na hiyo video ndiyo aliyoiona katibu.

Juzi nikampigia simu muuguzi niliyelala naye chumba kimoja safarini, nikamuuliza kule Kana ilikuwaje. Akacheka kwanza. Akasema, "Mwenzangu, si kiongozi alisema waliooana wasogee mbele wakarudie ahadi zao, na wajane na wasiooa tukae kivulini? Mimi nilikaa kivulini. Nikakuona unakwenda, nikasema mh, kumbe wale wana lao."

Utaniuliza kama nimemwuliza mwenyewe. Alikuja Jumatatu kwenye chumba changu cha kazi, ana bisibisi, akaanza kuifungua redio yangu ambayo haijawahi kuharibika. Nikamwambia, "Mzee Besi, mbona hiyo inaimba vizuri tu?" Akasema, "Naiangalia tu, Mama Sare, vumbi." Nikamwambia, "Na ile habari ya katibu?" Akasema, "Ah, katibu naye!" Akacheka, akaifunga redio, akaondoka. "Katibu naye" maana yake ni nini, mshauri? Ni kwamba katibu amekosea, au kwamba katibu amesema kabla ya wakati?

Binti yangu ananiuliza, "Mama, ulikwenda kuhiji au kuposwa?" Anataka niende kwa mchungaji wetu, ambaye hupokea watu Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi, nikakanushe. Picha ya marehemu baba yake ameitoa ukutani, ameifuta vumbi na kuiweka juu ya kabati mbele ya cherehani, inanitazama nikishona. Mumewe akiingia anasema, "Shikamoo, bibi harusi." Nyumba nzima inacheka isipokuwa mimi na picha.

Nikikanusha, nitakuwa nimemvua nguo mtu mzima mbele ya kanisa. Nikinyamaza, nitapokelewa mke wa mtu ambaye hajawahi kuniambia hata kwamba nimependeza. Na neno nililitamka kwa kinywa changu mahali patakatifu, je, Mungu ananihesabu mke wa nani? Na kama jambo lenyewe silitaki, mbona jana nimeshona kola moja mara tatu, na kila mlango ukilia nainua kichwa? Kuna jingine ambalo binti yangu halijui. Kule Kana maombi yalipoisha watu waliachana mikono, mimi wangu sikuutoa mpaka mlangoni kwa basi, na nilijiambia ni kwa sababu ya yale mawe, yanateleza.

Nimeolewa au sijaolewa?

Mama Sare

*

Mama Sare,

Hujaolewa. Naanza na hilo ili upumue, maana mengine yote tunaweza kuyazungumza ukiwa umeketi.

Kabla ya kukujibu nimeuliza watu wawili. Wa kwanza anaongoza safari kama hizo, ingawa si wa kundi lenu. Anasema kinachofanyika Kana ni wanandoa kurudia ahadi za ndoa waliyo nayo tayari. Hakuna anayefungishwa ndoa pale. Aliyekwenda bila ndoa anarudi bila ndoa, kama vile mtu hawezi kupaka rangi upya ukuta ambao haujajengwa. Wa pili ni mchungaji, naye si wenu. Anasema nadhiri ni ya mtu anayejua anachoahidi. Wewe ulisema uko tayari ukidhani ni habari za basi, na basi ulipanda. Mungu hakudai zaidi ya hapo.

Sasa tumtazame fundi. Sitasema alikiua kifaa chako, sina ushahidi, na kisu cha siagi si ushahidi. Nasema yaliyomo kwenye barua yako tu. Sikio lake lilikuwa zima. Alisikia wajane wakae kivulini, na wewe alikwambia msogee mbele. Kurudisha maneno ya mtu ni kazi moja, kuchagua yapi yafike ni kazi nyingine, na yeye siku ile aliacha ya kwanza akashika ya pili. Kanisani alisimama akapokea pongezi za jambo alilojua halikufanyika. Hilo ni kosa, na umri wake haumpi msamaha. Mke hapatikani kwa mgongo wa kiongozi wa safari wala wa katibu.

Hata hivyo simwoni kama tapeli. Namwona mwanamume mwenye sauti ya kutetemesha mabenchi ambaye ameshindwa kutoa sentensi moja. Umeniuliza "katibu naye" maana yake ni nini. Maana yake ni woga. Mtu hafungui redio nzima kwa ajili ya vumbi.

Na wewe usijifiche nyuma yake. Huyo kiongozi niliyezungumza naye anasema kila kundi husafiri na vifaa vya akiba, unaomba unapewa. Tangu Bethlehemu hukuomba. Umeandika kurasa nne ukiniuliza katibu anakuhesabu nani, binti anakuhesabu nani, Mungu anakuhesabu nani. Nimezisoma mara mbili nikitafuta mahali uliposema humtaki, sikupaona. Nimekuta kola iliyoshonwa mara tatu. Na huo mkono, mama, tuseme ukweli: kifaa cha sikioni kilikufa, mkono nao ulikufa? Ni mawe gani hayo yanayoteleza mpaka mlangoni kwa basi?

Sisemi uolewe. Kumzoea mtu anayekunong'oneza si sawa na kukubali kuishi naye, na safarini kila mtu ni mpole kwa sababu kuna mwingine anayepika. Nasema jibu hilo ni lako, na mpaka sasa umewaachia wengine wakutamkie.

Mwite Mzee Besi Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya. Asije kwenye chumba cha kazi, kule kuna redio ya kujificha nyuma yake. Aje nyumbani, aketi, na bisibisi abaki nayo mfukoni. Muulize swali moja tu: "Kule Kana, ulimsikia kiongozi aliposema wajane wakae kivulini?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu, usimletee maji, usicheke ili kumpunguzia aibu. Akikwambia hakusikia, mshukuru kwa kuja na umfungulie mlango, kwa sababu anayedanganya juu ya dogo hilo atadanganya juu ya makubwa. Akikwambia alisikia, mwambie aliseme sasa lile alilotaka kulisema kule, kwa maneno yake, bila kusingizia mtu mwingine. Utamjibu ndiyo, au hapana, au niache nifikiri. Yote matatu ni majibu halali, na hilo la tatu halina mwisho wa mwezi.

Lakini mapokezi hayafanyiki, hata kama utamkubali. Hakuna ndoa ya kupokelewa. Mkitaka kuwa mume na mke, mtatangazwa kama wengine, Jumapili baada ya Jumapili, mwenye pingamizi aseme, na mtafungishwa hapo hapo kanisani kwenu, mkiwa mnasikia kila neno. Mchungaji umwambie hivi tu: ile ilikuwa ibada ya wanandoa, sisi hatukuwa wanandoa, naomba tangazo lisahihishwe. Nani alisikia nini ni habari yenu wawili. Hutamvua mtu nguo kwa sentensi hiyo.

Binti yako mwambie mwenyewe, usiku huo huo wa Alhamisi, asisikie tena mambo yako kwa katibu. Na picha ya marehemu irudishe ukutani mahali pake. Aliishi nawe kama mume, si haki kumpa kazi ya ulinzi sasa.

Jumamosi saa nne asubuhi mchungaji anaanza kupokea watu. Uwe wa kwanza kwenye benchi lake, peke yako au na Mzee Besi pembeni. Akiwa pembeni, mwambie akae kimya. Utasikiliza na kusema mwenyewe.