Njumu za Kabati la Mshonaji

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila vumbi la makumbusho linanimaliza kifua.

Tumeletewa kabati la zamani, mlango wake umejaa njumu: maua ya mfupa yaliyopachikwa kwenye mbao nyeusi. Mwenyewe yuko tayari kutuachia, mradi jina la fundi liandikwe kwenye kibao. Nikiliangalia namuona Baba. Ila kila petali imezungukwa na uzi mweusi wa gundi, na hilo sijaliona kwa fundi yeyote. Picha hiyo hapo. Ni kazi yake?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, ngazi ni vita. Funga kitambaa puani ukifanya kazi.

Kabati limetoka kwetu. Baba yako alisema ni oda ya mwalimu mkuu anayemwozesha binti. Alivyolihangaikia! Na mimi nguo zangu nazipanga kwenye boksi la sabuni. Nikilalamika, ananiambia mganga hajigangi, nami nacheka.

Mwalimu alishafariki. Nani amelileta?

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na goti.

Amelileta mama mmoja mtu mzima, mshonaji. Anasema mlikuwa majirani. Anasema fundi alimpa zawadi, kila ua alilikata kwa mkono wake mwenyewe kwa ajili yake. Nilikosa pa kuweka uso. Labda anachanganya mambo?

Mwanao

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujajibu, na simu hupokei. Unaumwa? Kibao bado kitupu, na mshonaji anauliza kila siku.

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Nina wivu. Baba yako yuko kaburini miaka yote hii, nami moyo unanichoma kama bibi harusi wa jana.

Huyo ndiye aliyekuwa ananishonea magauni. Ananipima kiuno huku akiniuliza, "Shemeji hajambo?" Na mimi mjinga namjibu hajambo!

Sasa nisikilize. Baba yako alichora na kuchimba mbao, basi. Mifupa niliichemsha mimi, nikaikata mimi, nikaisugua mimi. Kingo nilikuwa naziviringa zisinichane vidole, kwa hiyo petali ikikaa inaacha mwanya, na mwanya unajazwa gundi. Aligomba hadi akachoka. Mafundi wengine hawana mke mkaidi, ndiyo maana hujauona uzi huo kwingine. Maua yote yale, hata moja hakulikata yeye. Nilijikunja na kisu nikimpambia hawara, nikidhani nafanikisha harusi ya mtoto wa watu.

Anataka jina la fundi? Mpe. Liweke langu juu, la baba yako chini yake. Kisha mwite asome kwa sauti, nawe umsimamie. Akikasirika, alichukue kabati lake arudi nalo chumbani, na kila akifungua mlango ajue ameshika mkono wa nani.

Mama yako, fundi