Nipa Yenye Kibali

Shikamoo dada Skola,

Huku Krete, Ugiriki, zabibu zimeshavunwa na baridi inaingia magotini. Jana mama mmoja wa kijijini alituonyesha anavyopika raki, pombe kali ya makapi ya zabibu. Ni nipa yako ya mabibo hasa: pipa juu ya moto, bomba, maji baridi. Hata matone ya kwanza hayanywewi. Anachulia magoti, kama wewe.

Ofisa mmoja wa msafara wetu wa mafunzo, Mtanzania mwenzangu, akainua glasi. "Huu ndio utamaduni."

"Na nipa ya dada yangu?" nikamuuliza.

"Ile ni gongo, bwana, pombe haramu."

"Tofauti iko wapi?"

"Hawa wana kibali."

"Basi mpeni na yeye, badala ya kumvunjia pipa."

Akaomba aongezewe.

Najua tangu mgambo walipokuvunjia pipa unataka kuliuza bomba lako kwa fundi. Usiuze. Nikirudi tunakwenda halmashauri kudai kibali, na hatutoki bila jibu. Mimi nitasema, wewe utawamiminia waonje.

Wasalimie wote hapo Ziwani. Chua magoti, bomba lifiche.

Mdogo wako,
Beda