Uongo Niliouchuma Bustanini

Kimanga, Uvira
Tarehe 12 Februari 1967

Mpendwa mdogo wangu Damien,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka huku ziwani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Agathe na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi ya Lubumbashi kimekuachia. Kama bado, usione haya kwenda kwa daktari. Wewe tangu utoto unapenda kungoja ugonjwa uchoke wenyewe.

Sisi hapa hatujambo. Mama anaumwa magoti kila mvua inapokaribia, lakini bado anapalilia mwenyewe na ukimsaidia anakasirika. Shemeji yako Rémy anaendelea na kazi yake bandarini Kalundu. Mvua ya mwaka huu ni nyingi mno. Mto Mulongwe ulishuka na mawe makubwa ukafunga barabara, ndiyo maana barua yako ilikawia kunifikia na jibu langu limekawia pia.

Umesoma hadithi zangu mbili katika lile gazeti dogo la misheni, nawe unaniuliza nazitoa wapi. Unasema unataka kuandika, lakini ukikaa mezani hupati kitu. Kwamba mimi nimeona vita, ndiyo maana nina la kusema, na wewe huko unaona reli na moshi wa kiwanda tu. Nitakujibu kwa kukueleza jambo lililonipata, maana hata ndugu zetu hawalijui lote.

Mwaka wa uhuru nilijaribu kuandika jambo kubwa. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu, mji mzima ulikuwa unaimba, nami nikaandika hadithi ya kijana aliyebeba bendera kwa miguu kutoka Uvira mpaka Bukavu. Niliweka ndani yake hotuba, ngoma na machozi. Nilipomsomea Mama, alisinzia kabla kijana hajafika Luvungi. Nilizitumia karatasi zile kuwashia moto, na kwa muda mrefu sikuandika tena.

Tulivyokimbia mwezi wa tano mwaka 1964, waasi walipouchukua mji, unajua. Tulivuka kwa mtumbwi mpaka Bujumbura tukakaa kwa shangazi Marie-Jeanne. Ziwa lilikuwa limepanda mwaka ule kuliko wazee walivyoweza kukumbuka, na siku tunaondoka maji yalikuwa yameshaingia katika bustani yetu ya chini. Mtumbwi ulijaa watu. Mbwa wetu Tabac, yule mwekundu, alibaki amesimama ndani ya maji, kwenye mboga zetu za lenga-lenga, akitutazama. Nililia kwa ajili ya mbwa kuliko kwa ajili ya nyumba, ila sikumwambia mtu.

Jeshi la serikali lilipoutwaa tena mji, Rémy alibaki kwanza Bujumbura kwa kuwa alikuwa amepata kibarua. Mimi na Mama tukatangulia kuangalia kama nyumba bado ipo. Ilikuwepo. Mlango haukuwepo, vitanda havikuwepo, na ukutani mtu alikuwa amechora ndege kwa makaa.

Lakini bustani, Damien! Nilitegemea magugu. Nilikuta maharagwe yamepandwa kwa mistari, mihogo imepaliliwa, na pale maji yalipoanza kurudi nyuma mtu ameotesha lenga-lenga mpya kwenye tope. Katikati ya maharagwe alisimama mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, na kando yake Tabac, amenenepa. Mbwa aliponiona alikuja mbio akanirukia mpaka kitenge kikachafuka. Yule mwanamke akaita kwa hofu:

"Simba! Simba, rudi!"

Naye akarudi. Hilo ndilo jina waasi walilojiita wenyewe, nikaelewa hapohapo nani alikuwa amelala nyumbani kwangu.

"Weye ni nani?" nilimuuliza.

"Minye ni Louise."

Alisema ametoka Luvungi. Mume wake, Gaspard, alikuwa na waasi, nao walimpa nyumba yetu akae na mke wake. Jeshi lilipofika, Gaspard alikimbilia milimani akamwacha na mtoto mchanga. Kurudi kwao Luvungi hakuweza, kwa sababu barabarani askari walikuwa wanamkagua kila mtu. Nilimwambia atoke.

"Nitatoka, mama," alisema. "Lakini maharagwe iko karibu kukauka. Uniache nivune, nikupe nusu."

Nusu ya maharagwe ya bustani yangu! Nilikasirika sana. Mama ndiye aliyemuuliza mtoto amekula nini tangu asubuhi, na kabla sijajibu lile la nusu, tayari alikuwa anatafuta kuni.

Basi Louise akabaki. Alilala jikoni kule nje, sisi tukalala nyumbani kwenye mikeka. Hatukuongea sana. Yeye alipalilia upande mmoja, mimi upande mwingine. Mbwa aliitwa Tabac na mimi, Simba na yeye, akaitika kote kuwili na kula mara mbili. Nilipomkataza Louise kutamka lile jina, alisema hajui jina lingine la kumwita, akawa anampigia mluzi.

Asubuhi moja, mvua imekatika tu na matone bado yanadondoka kutoka kwenye majani ya migomba, waliingia sajenti na askari wawili. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta wake wa waasi. Wanawake wawili wa mtaa wa pili walikuwa wameshapakiwa kwenye kamyo, lori la jeshi, na hakuna aliyejua wamepelekwa wapi. Mimi nilikuwa nachuma lenga-lenga. Louise alikuwa anang'oa maharagwe, mtoto mgongoni.

"Huyu mwanamuke ni wa nani?" sajenti aliniuliza.

Nakuambia kweli, Damien, mpaka alipouliza nilikuwa sijui nitajibu nini. Sikuwa nimempenda Louise bado. Nilisikia tu mdomo wangu ukisema:

"Ni mudogo wangu."

"Mbona hamufanane?"

"Baba mumoja, mama wawili. Alikuja hapa kupanda maharagwe, mvua ya kwanza ilipoanguka."

"Na weye mvua ya kwanza ulikuwa wapi?"

Nilijiona nimeanguka shimoni. Nikatazama kilichokuwa mbele yangu: mistari ya maharagwe, mbwa aliyekuwa anafukua chini ya mihogo.

"Nilikuwa Bujumbura, tulikimbia," nilisema. "Ndiyo maana nilimwachia bustani na mbwa."

"Bwana yake iko wapi?"

Macho yalinishuka mpaka kule chini, ambako miti ya mapera ilikuwa bado imesimama ndani ya maji. Nikasema amekufa. Ziwa lilipopanda, alishuka kufungua mtumbwi usichukuliwe, wimbi likampiga kwenye mpera. Sajenti akauliza jina lake. Nikasema Nzeyimana. Nikasema alikuwa anashona nyavu, alikuwa na kikohozi ambacho hakikumwachia mpaka jua la kiangazi, na kwamba siku ile alikuwa amegombana na Mama kwa sababu ya bata aliyeingia jikoni. Kwa nini bata, sijui. Bata wa jirani alikuwa anapita. Niliona kwamba kila nilipotaja kitu kikubwa, kama kifo, sajenti alinikazia macho. Nilipotaja kikohozi na bata, mabega yake yalilegea.

Hata hivyo hakuondoka. Alimgeukia Louise, ambaye alikuwa hajasema neno.

"Weye. Ita mbwa."

Nilitaka kumwita mimi, akaninyooshea mkono ninyamaze. Louise alifungua mdomo. Niliona meno yake yakikutana kana kwamba anaanza kutamka Simba, nikafumba macho.

"Tabac," alisema, polepole kabisa.

Mbwa hakuwahi kuitwa jina lile kwa sauti ile. Aliinua kichwa, pua imejaa udongo. Alinitazama mimi. Kisha akaenda kwa Louise, mkia unacheza, akaketi juu ya miguu yake kama alivyozoea. Askari mmoja akacheka. Sajenti akaomba lenga-lenga, nikampa zote nilizochuma pamoja na kikapu, wakaenda.

Louise alikaa chini kwenye tope, mtoto mgongoni hivyohivyo. Mama, aliyekuwa amesikia yote kupitia dirisha, alitoka akasema huyo Nzeyimana alikuwa mkwe mzuri, ni huruma amekufa. Tulianza kucheka sisi watatu, kicheko kibaya kisicho na furaha, mpaka mtoto akaogopa akalia.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika, mdogo wangu. Yule Nzeyimana alikataa kunitoka. Nikipalilia, nilijiuliza alikuwa anapenda kula nini na kwa nini alikwenda peke yake kwenye mtumbwi. Nilipopata karatasi nilimwandika. Ndiyo hadithi ya kwanza uliyoisoma, ya mshona nyavu, ambayo unasema ilikutoa machozi. Mtu huyo hakuwahi kuishi. Alitoka katika mpera mmoja uliozama na bata wa jirani.

Rémy aliporudi kutoka Bujumbura na kuambiwa, alikasirika sana. Alisema ningewaua watu wote wa nyumba kwa ajili ya mke wa adui. Hakunisemesha siku kadhaa, nami sikumlaumu, kwa maana alikuwa na haki. Halafu jioni moja alirudi na mbao kutoka bandarini, nikadhani ni za mlango wetu. Alizitengeneza mlango wa jikoni, alikolala Louise na mtoto, wetu ukafuata baadaye.

Hadithi ya pili, ya shati jeupe, niliipata kwenye kiangazi. Unakumbuka wanavyochoma majani mlimani mwezi wa nane, na majivu meusi yanavyoshuka juu ya mji. Jirani yetu mmoja alianika shati lake la ubatizo wa mtoto, likapata madoa, akamshitaki mke wa kaka yake kwamba amelichafua kwa wivu. Waligombana mpaka mvua ya kwanza. Nilibadili majina, nikaliacha shati lilivyo.

Wewe katika barua yako umeandika kwa mstari mmoja kwamba Agathe anafuga sungura, na kwamba dume hakubali kula ukiwa kazini. Kisha ukaendelea na habari za treni. Mimi treni nimezisahau, lakini sungura yule nimemfikiria juma zima. Anajuaje saa yako ya kurudi? Na siku usiporudi? Kaa karibu naye kidogo, uone. Agathe ana bustani pia. Mwangalie anavyogawa mboga, nani anapewa na nani anaambiwa zimekwisha.

Jambo la mwisho, kisha nikuache upumzike. Louise hakupata habari yoyote ya Gaspard. Sasa ana chumba chake karibu na soko, anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na mtoto wake sasa anakimbia sokoni kote. Mwezi uliopita niliandika hadithi ya tatu, ya mwanamke aliyefichwa katika bustani ya mwingine. Niliiona nzuri. Kabla ya kuipeleka misheni nilimwita Louise, kwa kuwa ni haki yake, nikamsomea yote. Niliandika kwamba askari walipoingia, yule mwanamke alisimama ametulia, kwa sababu alimtazama mwenye bustani akajua yuko salama.

Louise alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake inanuka samaki, ameiweka magotini. Halafu akasema:

"Ni muzuri. Lakini haikuwa hivyo. Basoda wa ile asubuhi sikuwaogopa sana, wale hawakunijua. Minye niliogopa weye. Weye ndiye ulijua."

Miaka yote hii nilijiona kama mtu aliyekuwa upande wake asubuhi ile. Sikufikiria hata mara moja kwamba, kwa macho yake, nilikuwa nimeshika kisu kikali kuliko cha sajenti. Nilimuuliza ni wakati gani aliacha kuniogopa. Alifikiri, akasema ni Rémy alipomaliza mlango, maana ulifungwa kwa ndani.

Nimeufuta ukurasa mzima, Damien, na sasa ninauandika upya. Ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza. Gazeti litangoja.

Mama anakusalimu sana na anauliza lini utamleta mke wako aone ziwa. Rémy anakusalimu. Shangazi Marie-Jeanne ametuma salamu kutoka Bujumbura, anasema umemsahau. Mbusu Agathe kwa niaba yangu, na watoto mmoja mmoja kwa jina lake. Louise naye, ambaye hukumjua mpaka leo, amesema nikusalimu kwa kuwa wewe ni kaka wa dada yake.

Mungu awalinde safarini na nyumbani, awape usingizi mzuri na mvua ya kiasi.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
dada yako,
Sidonie