Mabenchi Yaliyokwenda Matangani

Mji wa Baraka, Fizi

Mama Zawadi, mke wangu,

Kaa kwanza ndipo usome, maana habari hizi hazimfai mtu aliyesimama. U mzima? Kikohozi cha Zawadi kimepoa? Na goti la mama yako, bado linajua mvua itanyesha lini? Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, ila usimwambie, atasema alijua. Ningekupigia simu, lakini ungenicheka kabla sijafika katikati.

Unajua kilichonileta huku ni mabenchi ya uwanja wa soko. Injenia, mama mmoja wa Bukavu asiyecheka bure, aliniagiza kumi na mawili ya kujaribia. Yakimpendeza, napata kazi ya mwaka mzima pamoja na nyumba, nanyi mnakuja. Yasipompendeza, narudi Kindu na msumeno wangu. Alitaka yawe ya kubadilika: asubuhi muuza ndakala, dagaa wa huku, alaze mgongo wa benchi uwe meza, mchana wazee waketi, siku ya mkutano yahamishwe pembeni. Nikayafunga kwa boloni, zile bolti za kufunguliwa kwa vidole tu, bila spana. Nilijiona fundi kweli.

Siku ya kuyaweka nilisimama mbele ya watu nikajigamba: "Muangalie! Batu babili tu, munabeba, munapeleka kwenye munapenda!" Kinywa changu ndicho adui yangu wa kwanza, wewe ulishasema zamani.

Injenia akatuma habari kwamba atakagua Alhamisi. Asubuhi hiyo nikafika sokoni na kitambaa cha kufutia vumbi, nikakuta uwanja mtupu. Hakuna hata benchi moja! Muuza ndakala alikuwa amerudi kupanga samaki wake juu ya gunia, wala hana wasiwasi.

"Mzee mumoja wa bavuvi alikufa jana," akaniambia. "Biti yako yote ya kukalia iko ku matanga. Si we mwenyewe ulisema tupeleke kwenye tunapenda?"

Nikaenda mbio. Mabenchi yangu yote yalikuwa chini ya turubai, yamejaa akina mama wanaolia. Nikamnong'oneza kaka wa marehemu kwamba ninayahitaji kwa saa mbili tu, kisha nitayarudisha. Akanitazama kama niliyeomba sanduku la maiti.

"Fundi, unataka kuvuta kiti chini ya bamama benye banalia? Kwenu banafanyaka vile?"

Nikasema hapana. Na ni kweli, hata kwetu kiti kilichokwenda kilioni hakidaiwi mpaka matanga yaishe.

"Basi kaa."

Nikakaa. Wakaniletea bugali. Kabla sijamega tonge la pili, mtu akaja kusema benchi la mjane linacheza. Mimi niliyekuja kuyachukua nikapiga magoti kuyakaza.

Nikiwa huko chini nikaona viatu vya injenia. Mama Zawadi, alikuwa ameelekezwa huku kutoka uwanja mtupu. Nilijua nimekwisha kuwakosa wewe na mtoto. Nikafungua mdomo nijitetee, akaninyamazisha kwa kidole, akawapa wafiwa pole, kisha akajibana kati ya bibi wawili wanene. Akalitikisa benchi. Halikulia.

Bibi mmoja akamuuliza, "Ni we mwenye biti? Utuachie kwanza mpaka tumalize matanga."

"Mama, mubakie nayo," akajibu. Kisha akanigeukia. "Fundi, nilikuambia biti ibadilike, sikusema itembee. Sasa utatengeneza ingine makumi mbili. Utie na mikono ya kubebea, bamama banaumia vidole. Kazi ya mwaka umeipata."

Nililia, mke wangu. Nililia kwa sauti, kamasi na machozi, nimeshikilia mguu wa benchi. Wafiwa wakanishika mabega, wakaambiana jamani, fundi huyu alimpenda mzee. Mimi hata jina lake nilikuwa silijui! Nilikuwa nalilia kuja kwenu huku. Sasa wameniweka kati ya watakaosema wema wa marehemu siku ya mwisho, na nimeona haya kukataa.

Nisalimie mama mkwe na goti lake, kaka yangu mwalimu, shemeji muuza mawese, na katekista aliyetuombea safari. Zawadi mbusu mara mbili, moja ni yako.

Fungasha nguo na sufuria. Vitanda waachie majirani, wewe uliolewa na seremala.

Mumeo,
Baba Zawadi