Visikizi vya Barabara ya Masii

Jumatatu, 3 Machi

Naliomba radhi daftari hili. Mara ya mwisho niliandika kabla ya mvua za Novemba. Sina sababu ya kutoa. Uvivu.

Leo mazoezi ya kwaya mjini Machakos, kama kila Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi. Dakika arobaini na tano kwa pikipiki kutoka nyumbani, ng'ambo ya Masii. Mwalimu wa kwaya hututumia nyimbo kwa simu, kwaya nzima kisha kila kundi sauti yake, nami hujifunza besi nikiwa barabarani. Nyumbani haiwezekani. Redio ya mke wangu Kamene, kuku, majirani. Pasaka inakaribia na wimbo wa pili sijaujua hata nusu.

Waya wa visikizi umekatika. Ulinaswa na mkanda wa kofia nilipokuwa nikiivua. Mwanangu Musyoka huviita iyafoni. Nimeacha kumsahihisha. Ana miaka thelathini na mchumba.

Jumamosi ya tarehe 22 tunapeleka mbuzi wa ntheo, wa kufunga uchumba kwa desturi yetu, kwa kina Mwende, mchumba wake. Bila ntheo hakuna ndoa. Hata padri hujua kuingoja. Mbuzi wako zizini, wamenona. Mzee Kilonzo, baba yake Mwende, ni mtu wa heshima na mwepesi wa kuumia moyo. Namheshimu kwa yote mawili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepitia kwa Salim kabla ya mazoezi. Ana duka la simu karibu na msikiti. Wazee wake walitoka Mombasa, yeye alizaliwa hapa, na Kiswahili chake hakijapinda. Alinipa shikamoo kabla sijavua kofia. Ni raha kununua kitu kwa mtu wa namna hiyo.

Alinionyesha vya aina tatu. Vya kwanza huziba tundu la sikio kabisa, havina waya. Vya pili ni spika bapa zinazobandikwa ndani ya kofia, juu ya masikio. Vya tatu haviingii sikioni hata kidogo. Hukaa kwenye mfupa mbele ya sikio na kuutetemesha. Sikuamini hivyo vya tatu. Sikio lipo kwa kazi yake.

Nilivijaribu vyote na kofia kichwani, mbele ya wateja. Wawili walicheka. Spika za kofia zilikuwa na sauti ya bati. Vya mfupani vilinitekenya. Vya kuziba vilinipa besi yote, hadi pumzi za waimbaji.

Salim hakupenda nilivyochagua. Alisema, "Mzee wangu, kwa barabarani chukua vya mfupani. Hivyo vya kuziba ukivivaa, hata mwadhini humsikii." Nikamjibu kwamba mimi ni Mkatoliki. Alicheka sana. Nimenunua vya kuziba.

Jumamosi, 8 Machi

Sijasikia muziki hivi tangu chuo cha ualimu. Upepo haupo. Injini haipo. Ni sauti tu. Nimeimba ndani ya kofia kuanzia nyumbani hadi Machakos, na tena wakati wa kurudi.

Katika wimbo wa pili tenori wanachelewa kuingia, na waliorekodi wameliacha kosa hilo kama lilivyo. Limeniudhi. Nimelirudia mara nne. Kila mara nimetikisa kichwa.

Mwalimu wa kwaya amesema besi yangu imekaa sawa. Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 12 Machi

Musyoka amekuja kutoka kazini bila kupiga simu kwanza. Hakuketi.

Amesema, "Baba, Jumamosi ulipita Mzee Kilonzo na mama yake Mwende pale kwao kwa barabara. Mzee alitoa kofia, akakuita Mwalimu mara tatu. Hata alikimbia kidogo. Wewe ukamwangalia, ukatingisha kichwa, ukaenda."

Nilimwangalia. Hilo ndilo baya. Nakumbuka watu wawili kando ya barabara na mwanamume aliyeinua mkono. Nilidhani anasimamisha gari. Kichwa nilikitikisa kwa ajili ya tenori.

Kwetu mtu hawapiti athoni wake. Ukikutana na wazazi wa binti atakayeolewa na mwanao, unazima pikipiki, unashuka, unavua kofia, unatoa mkono, unauliza habari za nyumba nzima. Hata kama mvua inanyesha. Mimi nimewafundisha vijana wa parokia jambo hilo kwa miaka mingi.

Kilonzo amesema mbuzi wabaki zizini kwetu hadi aelewe ni kwa nini anadharauliwa. Mwende analia. Musyoka ameondoka bila kula.

Alhamisi, 13 Machi

Sikwenda kwenye mazoezi.

Kamene ananishauri niseme ukweli, kwamba nilikuwa na muziki masikioni. Siwezi. Mtu wa umri wangu, mwalimu wa watu, awaambie athoni kwamba aliwapita kwa sababu ya wimbo? Afadhali waniite mwenye majivuno.

Nimefikiria kusema breki zilikuwa zimeshindwa. Nimefikiria kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Sitasema hivyo.

Kamene amesema, "Baba Musyoka, basi oa wewe hizo iyafoni." Akaenda kukamua ng'ombe.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi kwa Salim na kumweleza yote. Hakusema kwamba aliniambia. Ameniazima vya mfupani. Amesema, "Kavijaribu nyumbani kwanza. Mtu akuite, uone."

Nimevijaribu uani. Nilikaa juu ya pikipiki, injini ikinguruma, kofia kichwani. Kamene alisimama nyuma yangu aniite kutoka pande zote.

Kwanza vya kuziba. Sikusikia lolote. Kamene anasema aliniita majina matatu, na hataki kuyarudia mbele yangu. Alikuwa akicheka.

Kisha vya mfupani. Upande wa kulia nilimsikia vizuri, na muziki pia. Upande wa kushoto hapana.

Nikavivua. Nikabaki na kofia tu. Kulia nilimsikia. Kushoto hapana.

Nikazima injini. Nikavua kofia. Nikamwambia aniite tena kutoka kushoto. Nikangoja. Mbwa alikuwa amelala mbele yangu, akainua kichwa na kutazama upande ule. Nikaelewa kwamba Kamene alikuwa ameshaniita.

Hakucheka tena. Alikuja akanishika bega. Anasema amejua tangu mwaka jana. Ndiyo maana mezani hukaa kulia kwangu. Anasema pia kwamba redio ni mimi ninayeipandisha. Yeye huishusha.

Jumapili, 16 Machi

Misa. Nilikaa mwisho wa benchi, ukuta ukiwa upande wa kushoto. Kuanzia mahubiri nilikuwa nikipima nisichokisikia.

Naogopa. Siogopi kifo. Naogopa kutolewa kwenye kwaya kwa upole. Naogopa watu kunipigia kelele kana kwamba nimepungukiwa akili. Nilimfanyia hivyo mjomba wangu. Tulikuwa tukimwita kwa kumtupia mawe madogo miguuni.

Sasa kumwambia Kilonzo habari ya wimbo hakutoshi. Ingekuwa nusu ya ukweli.

Jumanne, 18 Machi

Musyoka amenitumia ujumbe. Mwende ameambiwa na baba yake arudishe kitenge alichopewa na Kamene. Bado hajakirudisha. Zimebaki siku nne.

Nitakwenda kesho.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda peke yangu. Desturi inataka mshenga kwa jambo kama hili. Lakini mshenga angelipamba.

Nilizima pikipiki mbali na lango nikaisukuma. Kofia mkononi, visikizi vya kuziba ndani ya leso. Mama yake Mwende aliniona, akaingia ndani. Kilonzo alitoka na kiti kimoja. Akakikalia yeye.

Nilisimama. Nikaeleza habari ya kwaya, tenori, kichwa. Hakuamini. Alisema, "Mwalimu, mimi nilipiga nduru. Watu wa kibanda cha mboga walisikia. Wewe unasema haukusikia?"

Nikamwomba avivae. Alikataa, kisha akakubali, labda kwa udadisi. Nikafungua wimbo wa pili. Mkewe akatoka na kumwita kutoka mlangoni. Akamwita tena. Mara ya tatu alimwita mzee kiziwi. Kilonzo alikuwa amefumba macho. Ghafla akatikisa kichwa na kusema kwa sauti kubwa mno, "Hawa wa juu wamechelewa!"

Mkewe aliketi chini kwa kicheko. Kilonzo alivitoa, akavitazama kiganjani. "Hii kitu inaimba ndani ya kichwa," akasema. "Sasa nimeona."

Ningeweza kuishia hapo. Alikuwa tayari ameagiza kiti cha pili. Lakini nilimwambia kwamba hata bila hivyo vitu huenda nisingemsikia, kwa sababu walikuwa wamesimama upande wangu wa kushoto, na sikio hilo limekufa au linakufa. Nilimwambia kwamba mtu wa kwanza kumweleza nje ya nyumba yangu ni yeye.

Kiti kililetwa, nikaketi. Kilonzo akainuka, akachukua chake, akazunguka nyuma yangu na kukiweka kulia kwangu. Kisha akauliza habari za nyumba yangu, mmoja mmoja, hadi ng'ombe.

Mbuzi waletwe Jumamosi.

Jumamosi, 22 Machi

Tumepeleka. Wamepokea. Mbuzi mmoja alikula maua ya mama yake Mwende na hakuna aliyeona vibaya. Mwende alikuwa amevaa kitenge cha Kamene. Kilonzo aliwaeleza wazee wote habari ya tenori, na kila aliyeketi karibu nami aliketi kulia. Sijui aliwaambia nini. Hakuna aliyenipigia kelele.

Nimechoka. Nimeshiba.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya Misa nimemweleza mwalimu wa kwaya. Amenihamisha mwisho wa safu, besi wenzangu wakiwa kulia.

Vya kuziba nimempa Kamene. Anasikiliza mahubiri akichambua maharagwe, na ni mimi sasa ninayemwita mara tatu. Vya mfupani viko mezani. Salim anasema nikae navyo hadi nijue. Jumanne nina miadi kwa daktari wa masikio. Akisema la kulia ni zima, huenda nikavivaa kwa sauti ya chini. Akisema nalo linaelekea kule, basi barabarani sitavaa kitu, na besi nitajifunza nikiwa nimesimama, kama tulivyofundishwa.

Leo nimerudi bila chochote masikioni. Nilikwenda polepole. Injini, upepo, lori moja. Karibu na lango la Kilonzo nilishuka nikavua kofia, ingawa hapakuwa na mtu. Nikasubiri kidogo. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikawasha tena nikaenda.

Kalamu naiweka kando ya visikizi. Nikiamua, nitaandika.