Cheti Kinachotakiwa Ijumaa

Mdogo wangu Eduviges,

Barua hii ikukute umekwisha kumeza dawa ya presha, maana nakujua, huimezi. Mimi goti lanisumbua, lakini natembea na sijamwomba mtu anihurumie. Paa la jikoni lako limeshazibwa, au mwanao bado anasema kesho? Mwambie nimeuliza.

Usicheke mwandiko. Naandika usiku, taa nimeifunika.

Unakumbuka ghala la pamba lilipoungua huku, gari la zimamoto la kwenu likazuiwa kwenye daraja la mpakani likingoja muhuri? Niliwaita mameya wote wawili, wa huku na wa kwenu, jikoni kwangu, nikawauliza kama moto nao ulionyesha pasipoti. Walikula tamale zangu za unga wa mahindi wameinamisha vichwa, kama watoto waliokojoa kitandani. Maneno yale yalifika makao makuu ya jimbo. Sasa sheria imepita, serikali ya jimbo inaunda tume ya kushirikiana na nchi yenu: zimamoto, maji ya mto, wagonjwa. Kiti kimoja ni cha mwananchi wa mpakani. Mheshimiwa Quiroga, mbunge wetu, alikuja mwenyewe, kofia mkononi, akasema kiti hicho ni changu. Nikamwambia niliishia darasa la tatu. Akasema wenye digrii anao kumi, sasa anatafuta mmoja mwenye akili. Mjukuu wangu Dalia akacheka, akasema bibi atamgombeza mpaka gavana.

Nilifurahi, sikufichi. Nilifurahi siku mbili.

Siku ya tatu ikaja bahasha. Wanataka cheti cha kuzaliwa na alama za vidole vyote kumi kabla ya Ijumaa. Na vyeti vya wakunga wa zamani wanavichunguza sana, kwa sababu baadhi yao waliandikisha watoto wasiozaliwa huku. Tangu hapo gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba najifungia bafuni, mimi niliyeua nyoka kwa ufagio. Nikikikataa kiti, Quiroga atauliza kwa nini. Nikikikubali, watachimba.

Uliwahi kuniuliza kwa nini huku wananiita Tomasa. Nikakujibu ni jina la kazini, acha udadisi. Nilikudanganya. Tomasa ni wewe.

Mama alikuzalia upande huu, msimu wa kuvuna vitunguu, na mkunga Doña Tiburcia akakuandikisha kwa jina hilo. Mliporudi huko, Mama akakuandikisha upya kama Eduviges ili upate shule. Mimi ndiye niliyezaliwa huko, kitandani kwa bibi. Nilipofika miaka kumi na saba, na njaa ile unayoijua, Mama akanipa cheti chako nivukie, akaniapisha nisikwambie. Alisema nikipata kazi nikurudishie. Nilipata kazi. Sikurudisha.

Mara tatu umepanga foleni ya viza, mara tatu wamekunyima. Fermín wako alipokuwa akifa katika hospitali ya huku, nilimshika mkono mimi. Wewe mama yake ulisimama ng'ambo ya mto, na haki yako ya kuvuka ilikuwa kabatini kwangu, chini ya mashuka. Aliniuliza mara mbili kama uko njiani. Nikamwambia ndiyo.

Niliogopa, Eduviges. Miaka yote hii mnasema Refugia ni jasiri, Refugia hana woga. Ni kelele tu.

Alhamisi nitakwenda kwa Quiroga kumwambia ukweli kabla hawajaniuliza wao. Usiku sipati usingizi. Dalia nimempa barua hii akuletee mkononi, na hajui kilichomo. Cheti kimo ndani, kimekunjwa mara nne. Kifungue taratibu, kimechakaa kwenye mikunjo.

Unilaani ukitaka, sitajitetea. Nisalimie wanao, na Padre, na jirani yako yule mmbeya, ila yeye usimsomee. Siku utakapovuka, wakikuuliza jina darajani sema Tomasa, usibabaike. Kaburi la Fermín ni la nne kutoka lango la mashariki. Dalia atakupeleka, maana mimi huenda nisiwepo upande huu.

Dada yako,
Refugia